Nilikuwa Msibani, Seva Ikasema Nilikuwa Kazini

Siku namlilia mama yangu hemani, seva ya ofisini kwetu ilikuwa inaandika jina langu kwamba nipo kazini.

Msinicheke. Hata mimi nilipoambiwa nilidhani ni utani.

Naitwa Surafel, fundi wa mitandao hapa Addis. Kampuni yetu ilikuwa inasafirisha picha za eksirei kutoka hospitali moja ya mji wa Dessie, madaktari wa huku wanazisoma. Picha za wagonjwa hazipiti kienyeji, zinapita kwenye njia ya siri ndani ya intaneti. Sisi mafundi tunaiita handaki, na lile nililijenga kwa mikono yangu. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inatuweka mjini mimi na mke wangu Hirut, naye alikuwa mjamzito.

Mama alipofariki, hema likapigwa, watu wakashinda nasi. Natnael, mwenzangu wa ofisini, alikuja kila siku. Alibeba maji, aligawa ngano ya kuchemsha, alilia kuliko hata ndugu zangu.

Akaninong'oneza, "Kaka, nipe neno lako la siri la seva. Wasije wakakupigia simu za kazi umekaa msibani, ni aibu."

Kwetu mfiwa hagusi kazi. Nikampa.

Nilirudi kazini, umeme ukakatika mpaka betri zikaisha. Uliporudi, seva ikawaka vizuri tu. Handaki likagoma.

Sista Yeshi wa Dessie akapiga simu, moto unamtoka. "Surafel! Kuna mtoto kaanguka kutoka juu ya paa, picha ya kichwa haiendi! Mmelala huko?"

"Nipe muda, dada yangu."

"Mimi ninao muda. Mtoto ndiye hana!"

Nikaangalia intaneti, ipo. Funguo za siri za handaki, pande zote mbili, sawa. Nalipandisha handaki, seva inajibu kitu hicho haikijui. Haikijui! Kitu ilichokibeba miaka yote!

Nikatazama kiini cha mfumo, ile sehemu inayoendesha kompyuta yote. Kilikuwa kipya. Kuna mtu alikuwa amekisasisha bila kuiwasha upya seva, kikakaa kimya. Umeme ulipokatika ndipo kikashika kazi, na kipande cha programu kinachoendesha handaki kilitengenezwa kwa ajili ya kiini cha zamani tu.

Nikazima, nikawasha, nikachagua kiini cha zamani. Handaki likapanda.

"Imeenda! Imeenda!" Sista Yeshi akapiga kelele. Mtoto alipona, kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini hospitali ikataka jina la aliyeharibu, na rekodi ya seva ilimtaja Surafel, tarehe ikiwa ya siku za msiba.

Bosi wetu, Ato Zeleke, akatuita mimi na Natnael.

"Siku hiyo nilikuwa hemani," nikasema. "Neno langu la siri alikuwa nalo Natnael."

Natnael akanitazama usoni. "Pole kaka, msiba umekuchanganya. Hukunipa kitu."

Kavukavu! Nilitamani kumrukia.

Ato Zeleke akamtoa nje, akafunga mlango. "Surafel mwanangu, siku hiyo nilikuja msibani. Nilikaa pembeni yako mchana kutwa. Hata simu hukushika."

Nikapumua. "Kwa hiyo unajua si mimi."

"Najua."

Kisha akanisogezea barua ya kunifukuza kazi.

"Natnael ni mtoto wa dada yangu. Alitaka kuonyesha anaweza, akaharibu. Nikimtoa, dada hatanisemesha mpaka kaburini. Wewe fundi, utapata kwingine."

"Na hospitali umewaambiaje?"

Akainama. "Nimeshawaambia ni wewe."

Mafundi mji huu tunajuana. Kila ofisi niliyobisha hodi, habari ilikuwa imetangulia. Hirut alijifungua nikiwa sina kazi.

Wiki iliyopita simu ikaita. Natnael, siku hizi anakalia kiti changu.

"Kaka, handaki limekufa tena. Siku ile ulifanyaje?"

Bila aibu! Nilitaka kumtukana mpaka nikauke koo. Nikawafikiria wagonjwa waliolala kwenye meza ya eksirei kule Dessie, nikamwelekeza hatua kwa hatua mpaka likapanda.

"Asante sana, kaka," akasema. "Ila tafadhali, usimwambie mtu kwamba nimekuuliza wewe."

Ndugu zangu, anayekuja kulia nawe mpe kiti, mpe chakula, mshukuru. Neno lako la siri usimpe, hata machozi yake yakilowesha shati lako.