Dada Alivyojifunza Kutulia

Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, zamani alikuwa moto wa kuotea mbali. Mteja akichelewa kuchukua gauni lake, atayasikia maneno mpaka kesho. Kisha mumewe akamwacha, mikono ikaanza kumtetemeka hadi akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Ndipo akaanza kwenda kwa mtawa wa Kibudha aliyefundisha watu kukaa kimya na kufuata pumzi zao, katika chumba kilicho juu ya duka la dawa. Akatulia kweli. Mimi nikambandika jina, Barafu. Alicheka tu.

Mama alipougua figo tulimuuguza wawili, mimi nikilalamika, yeye akimgeuza na kumsafisha, hanuni. Kila asubuhi alikaa mkekani kando ya kitanda, akafumba macho, akatamka alivyofundishwa, ili moyo upende bila kung'ang'ania: "Mama, nakutakia heri. Lakini maumivu yako siwezi kukubebea."

Jamani! Maneno ya moyoni hayo, nani alimwambia ayaseme kwa sauti? Mama hakuwa kiziwi. Tangu alipoyasikia hakumwagiza dada hata maji. Midomo ikimkauka, alisubiri mimi nirudi kutoka kazini. Nilipomuuliza, alininong'oneza, "Mwache mwenzio. Nimemchosha."

Nilipaswa kumwambia dada siku ileile. Sikumwambia. Nilikuwa na hasira zangu, nikaona vizuri, acha utulivu wake umtokee puani. Naona aibu kusema hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama alikata roho asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Dada alikuwa sebuleni, alikohamishia mkeka ili Mama apate usingizi. Mama alipozidiwa, nilitaka kumwita. Mama akanishika mkono: "Usimsumbue."

Tulipotoka mazikoni, dada akaniuliza taratibu, "Mama alisema nini mwisho?"

Nikatafuta la kumpoza, nikasema, "Alikuita wewe, dada."

Akanikodolea macho. "Aliniita? Na mimi nipo hapo, nimefumba macho?"

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Mtawa alikuja, akamwambia kutulia si kutolia, wala kupenda hakukomi. Hakumsikia. Mwaka wa pili huu hajakaa tena mkekani. Hata kulala analala taa ikiwaka, mlango wazi, asije akaitwa asisikie. Na kumwambia kwamba hakuitwa, nitaanzia wapi?