Baraza Lisilo na Mlango

Binamu yangu Ozella Tarpley alikuwa mwanamke wa kusema jambo mara moja tu. Alizika mume, akalea mwana mmoja kwa kazi ya kuchagua karanga kwenye ghala la watu, akaimba sauti ya chini kanisani kwetu mpaka wachungaji wakaja na kuondoka wakamwacha palepale. Katika maisha yake yote sikumsikia akiomba radhi. Si kwamba hakukosea. Alikosea kama sisi wengine, ila akishakosea alioka keki. Ukiona keki ya Ozella mlangoni kwako Jumatatu, jua Jumapili alikukosea, na ukila mambo yameisha.

Keki moja tu iliwahi kurudi. Ilirudishwa na mdogo wake, Vernice.

Mama yao alipougua, Vernice alikuwa Jacksonville akipika kwenye hoteli. Ozella alimuuguza peke yake, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko, mpaka mwenyewe akabaki mifupa. Mama akafa, na Vernice akafika tumeshatoka makaburini. Nilikuwepo. Sote tulikuwepo nyumbani kwa Ozella, sahani za kuku mikononi. Vernice alisimama mlangoni na mkoba wake, vumbi la safari bado usoni, na kabla hajafungua kinywa Ozella akamwambia, "Mazishi umeyakosa, lakini vyombo vya Mama bado vipo. Si ndivyo ulivyofuata?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze, na wala maneno hayakuwa yangu.

Vernice hakulia. Alisema, "Ozella, sitakanyaga tena ndani ya nyumba yako." Akageuka. Kesho yake keki ikapelekwa alikolala, na jioni tukaikuta juu ya ukingo wa baraza la Ozella, haijaguswa hata kwa kisu.

Angeweza kurudi Jacksonville. Hakurudi. Alikodi nyumba ndogo chini ya barabara, karibu na kisima cha kanisa, na Jumamosi moja majira ya kunde akaja na bakuli lake. Akapanda ngazi za mbele za Ozella, akakaa barazani kwenye kiti cha kubembea, akaanza kumenya kunde. Ozella akatoka na bakuli lake. Hawakusalimiana. Walimenya mpaka jua likazunguka nyumba, kisha Vernice akaenda zake. Jumamosi iliyofuata akaja tena.

Mambo yakawa hivyo kwa miaka. Mvua ikinyesha, Vernice alisogeza kiti ukutani. Akishikwa na kiu, aliletewa maji nje. Haja ikimbana alivuka barabara akaja kwangu, kwa hiyo choo cha ugomvi wao kilikuwa changu, na hakuna aliyewahi kunishukuru. Wakati huo walikuwa wameshaanza kuongea, tena sana: nani kaolewa, nani kanenepa, mhubiri gani anarefusha maombi ili watu wamwone. Neno la siku ile tu ndilo hawakuligusa.

Hakuna aliyeliona ni jambo la ajabu. Kwetu baraza si ndani. Barazani anakaa mtu wa bima, anakaa mchumba ambaye baba bado anamtazama kwa jicho la pembeni, anakaa mjomba aliyekunywa. Unaweza kumlisha mtu barazani mpaka azeeke bila kumkaribisha ndani, na yeye akala akashiba bila kuvunja neno lake.

Kisha Rayford akamjengea mama yake nyumba.

Rayford ni mwana mwema, sitaki asemwe vibaya. Anaendesha malori Atlanta, na mara zote alikuwa akimtazama mama yake akiishi kwenye ile nyumba ya mbao iliyooza sakafu, akiumia. Akaibomoa, akajenga ya matofali: zulia kila chumba, kiyoyozi, jiko linalowaka kwa kubonyeza. Mbele akaweka ngazi mbili za saruji na taa. Baraza hakuna.

"Baraza la nini, Mama?" alisema. "Watu walikaa nje kwa sababu ndani walikuwa wanachemka. Sasa ndani kuna baridi."

Alikuwa na sababu nyingine, aliniambia mimi. Alipokuwa mtoto, mzungu mwenye shamba alikuwa anasimamisha gari barabarani na kumwita mama yake kwa honi, na mama yake anainuka kitini anashuka ngazi kwenda kumsikiliza. "Nilitaka nyumba ambayo mtu akimtaka mama yangu, ashuke, atembee, agonge," alisema. Honi zile hata mimi nilizisikia.

Jumamosi ya kwanza Vernice akaja na bakuli lake. Nilikuwa kwenye baraza langu ng'ambo ya barabara, naona kila kitu. Akasimama uani akiitazama nyumba mpya kuanzia chini mpaka juu. Ozella akafungua mlango.

"Kaondoa baraza," Vernice akasema.

"Kaondoa."

Vernice alizitazama zile ngazi mbili kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo. "Haya. Kunde zangu nitamenyea nyumbani."

Akaondoka. Ozella alibaki na mlango wazi mpaka baridi yote ya Rayford ikamwagika uani.

Tangu siku hiyo wakawa hawaonani ila kanisani, Vernice upande wa wahudumu, Ozella kwaya. Nilimwambia Ozella aje kwangu, wamenyee kwangu. Akakataa: yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye wa kufuatwa. Nikamwambia, basi mwombe radhi mdogo wako mambo yaishe.

"Lutrelle," akaniambia, "nikitaka mahubiri najua kanisa lilipo."

Lakini alikuwa ameanza kupungua mwili. Tulikuwa tumeshasikia kwamba moyo wa Vernice una kasoro, kwamba daktari amemwambia asiinue hata ndoo. Ozella aliposikia aliingia jikoni kwangu akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alikuwa anaogopa. Mdogo wake angeweza kumfia chini ya barabara ileile, na hakuna pahali duniani ambapo wangeweza kukaa wawili.

Akampigia simu Rayford. "Nataka baraza."

"Sawa, Mama."

Hakumwambia kwa nini, na yeye hakuuliza. Akaja na rafiki zake wawili na lori la mbao. Sakafu ikapanda, nguzo zikasimama, paa likakaa. Ozella alikuwa akija kwangu asubuhi na kahawa yake kutazama, na nilimsikia akiimba peke yake, jambo ambalo sikulisikia tangu nyumba ya zamani ibomolewe. Alhamisi akaniambia, "Pita kwa Vernice. Mwambie Jumamosi."

Ijumaa Rayford akaweka madirisha ya vioo kuzunguka baraza zima. Akatandika zulia. Mbele akaweka mlango, na kwenye mlango kengele. Alikuwa na furaha ya mtoto. "Shangazi Lutrelle, njoo ubonyeze!" Nikabonyeza. Ikalia wimbo. Nikaenda nyumbani nikakaa chini, maana nilijua.

Jumamosi Vernice akaja, anatembea polepole, anapumzika kila mti. Akafika kwenye ngazi, akauona mlango, akaiona kengele. Hakuibonyeza.

"Hiki ni chumba," akasema, akageuka na bakuli lake.

Nilivuka barabara mbio, kwa umri wangu. Nilimkuta Ozella amesimama katikati ya lile zulia.

"Rayford, toa hivyo vioo," akasema.

"Mama, hivi vioo vinazuia hata—"

"Vitoe. Na mlango. Na hili zulia."

"Nimefanya kosa gani? Ulisema unataka baraza."

Ozella akashika nguzo. Nilimwona akitafuta pa kuanzia, yeye ambaye hajawahi kuanzia popote. "Nilimwambia mdogo wangu neno baya mlangoni pangu," akasema. "Tena la uongo. Akaapa kutoingia. Nataka pahali atakapokaa bila kuingia, kabla hajafa."

Rayford alinigeukia. "Shangazi, wewe ulijua?"

"Kanisa zima linajua. Wewe ulikuwa unacheza mpira."

"Mimi nilidhani Mama mdogo anapenda upepo," akasema taratibu, na akainua nyundo.

Kabla ya Jumamosi nyingine kila kitu kilikuwa kimetoka, hata bawaba. Vernice akaja. Alipanda ngazi akasimama pale mlango ulipokuwa, akapitisha mkono hewani, upande huu, upande ule.

"Mlango hakuna?"

"Hakuna."

"Hutauweka baadaye?"

"Kaa chini, Vernice, kunde zinanyauka."

Akakaa.

Walipata kiangazi kimoja na sehemu ya vuli. Kisha Vernice akaanguka nyumbani kwake, na daktari akasema asilale tena peke yake. Watoto hakuwa nao. Ozella akaenda kwa miguu mpaka kwake, mara ya kwanza, akasimama uani.

"Utakuja kwangu."

"Kwako wapi?"

"Barazani."

Wakaweka kitanda. Rayford akaning'iniza turubai za plastiki kuzuia upepo, na pa kuingilia akaacha pazia, akimtazama mama mdogo wake kwanza kuona kama pazia linaruhusiwa. Likaruhusiwa. Novemba ilipokuja na baridi yake, Ozella naye akatoa kitanda chake nje. Fikiria: nyumba ya matofali ina vyumba vitatu vyenye joto, na vikongwe wawili wamelala nje chini ya rundo la mablanketi ya viraka, jiko la mafuta ya taa katikati, wanabishana nani anakoroma. Watu walicheka. Mchungaji akaja kuwaonya kuhusu nimonia.

"Mchungaji, kiti kile pale," Vernice akamwambia. "Ukichoka kusema, kuna karanga za kuchemsha."

Siku moja niliwapelekea supu. Jua lilikuwa linapenya kwenye plastiki, na Ozella alikuwa anamshikia mdogo wake bakuli. Ghafla, bila mtu kuuliza lolote, akasema, "Hukufuata vyombo."

Vernice akameza kwanza. "Najua sikufuata vyombo."

"Nilikuwa nimechoka. Kila siku nilitazama barabara nikisema leo atakuja. Nikakuchukia."

"Nilipanda basi siku ileile niliyopata habari, Ozella."

"Najua. Nisamehe."

Nilitazama sakafu. Mbao za Rayford zilikuwa nzuri, hazikuwa na nyufa. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli.

"Ungesema mapema," Vernice akasema, "ungemwokolea mwanao kazi."

Wakacheka wote wawili mpaka Vernice akakosa pumzi, na ikabidi nimpigepige mgongoni. Alipotulia, Ozella akasema, "Basi twende ndani sasa. Kitanda kipo. Kuna joto."

Vernice akatikisa kichwa. "Wewe neno lako umelifuta. Ni lako, una haki. Langu niachie. Nimelitunza muda mrefu mno."

Nilidhani Ozella atabisha. Alimfunika mabega, basi.

Vernice alikufa Januari, asubuhi, baada ya kunywa kahawa nusu kikombe. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, na ua wa mbele ulikuwa tope tupu, kwa hiyo vijana wawili wa mazishi walizungusha gari nyuma, kwenye kokoto. Wakamfunika, wakamweka kwenye machela, na yule mrefu akasogea kwenye mlango wa nyumba kuufungua wapite naye katikati, wamtoe kwa jikoni.

Ozella akasimama mlangoni na mikono yake miwili kwenye fremu.

"Humu hapiti."

"Bi Ozella, ni karibu zaidi," kijana akasema kwa heshima. "Na ni pakavu. Mbele tutateleza."

"Alisema hatakanyaga."

"Hatakanyaga, mama. Sisi ndio tunaombeba."

Ozella akakaza mikono kwenye fremu. Rayford, aliyekuwa amefika kutoka Atlanta, akamwondoa yule kijana taratibu, akashika mwenyewe ncha ya machela. "Mpitisheni mbele," akasema.

Wakashuka ngazi naye, wakazama tope mpaka vifundoni, viatu vyao vyeusi vya kazi vikaharibika vyote. Ozella akawafuata na ndala zake za ndani, ndala moja ikabaki topeni na hakugeuka kuiokota. Alishika pindo la shuka upande wa miguu ya Vernice na kuizunguka nyumba yake yote, hatua kwa hatua, akilia kwa sauti na kumwambia mdogo wake asiogope, hawamwingizi.