Niliposugua Pete kwa Mchanga wa Kazini

Nitajaribu kueleza kwa haki, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na huenda nikakosea mahali.

Mume wangu alipomaliza ukimbizi wake kwetu Morogoro, alinileta kwao Johannesburg, nikapata kazi Midrand, kwenye banda la kusaga mawe. Mawe yalitoka mlimani Kongo, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka barabara ya mwisho. Huko mwanajiolojia aliokota mawe. Sisi tunasaga, yanapimwa dhahabu, anaambiwa atoboe wapi.

Kati ya jiwe na jiwe tulisaga mchanga mweupe usio na kitu, kusafisha mtambo. Pakiti moja ya mchanga huohuo ilipewa namba, ikapimwa pamoja na mawe. Huo ulikuwa mtego: ukitoa dhahabu, ujue kuna mtu kaharibu.

Sasa mimi kwetu sufuria tunasugua kwa mchanga. Siku ya kusaga mawe ya kileleni niliuona ule, laini, nikasugua pete yangu ya ndoa ikang'aa. Halafu, kwa vile si wangu, nikaurudisha wote kwenye kopo la mchanga wa kusafishia mtambo. Sikuchukua hata punje.

Majibu yalipokuja meneja alitoka ofisini karibu acheze. Mawe ya kileleni yameshinda yote! Akapiga simu mlimani: mashine ya kutobolea, iliyokuwa kambini, ifunguliwe, kesho wapagazi waipandishe vipande vipande.

Mwenzangu wa mtamboni, Mkongo wa milima ileile, alikuwa anasoma karatasi ya majibu.

"Mama, hata mchanga iko na dhahabu."

"Upi?"

"Wa mtego." Akatazama mkono wangu. "Pete yako inawaka sana. Ulisugua na nini?"

Nikamwambia.

"Na mchanga ukatupa?"

"Nitupe mali ya watu? Nilirudisha."

"Mu mukebe? Eish!" Akakaa juu ya gunia akacheka, kashika mbavu. "Mama, baba zangu wadogo ndio wanabeba ile chuma. Watapanda mlima juu ya ndoa yako!"

Nilicheka naye, kisha nikaona naweza kufukuzwa. Kazi niliipenda. Nikawaza, labda dhahabu ipo kweli, nani kasema ni pete? Lakini migongo ile haikuwa yangu. Nikaingia kwa meneja, nikavua pete nikaiweka juu ya karatasi yake, maana Kiingereza kilinikimbia.

Alifoka, na haki alikuwa nayo. Hakunifukuza, hilo nalo niliandike. Akapiga simu tena: wasubiri. Kila jiwe tulikuwa tumelikata, nusu iko akiba. Tukasaga nusu zile kwa mchanga mpya, na siku zote hizo wapagazi wakakaa kambini wakicheza karata.

Dhahabu ilikuwepo, kidogo, ila si kileleni. Ilikuwa chini, nyuma ya jiko la kambi. Mashine ikasogezwa hatua chache tu. Baba wadogo wakanitumia salamu nyingi. Mwanajiolojia, aliyekwisha kuhamishia hema lake kileleni kwa furaha, hakutuma.