Koti la Mfuniko wa Tangi

Mimi ndiye fundi wa injini katika familia yetu, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na sipendi kufundishwa kazi. Jueni hilo kwanza, ndipo niwasimulie habari za dada yangu mkubwa, fundi cherehani, ambaye skuta yake ndogo ilinitoa jasho wiki nzima.

Skuta ilikuwa inazima kila baada ya dakika kumi. Akisimama kidogo, inawaka. Akienda tena, inazima. Nilibadilisha plagi, nikafungua kabureta mara mbili, nikasafisha chujio la hewa. Wapi! Dada naye alishonea hospitali sare za wauguzi, mara mbili alikuwa amechelewa kuzifikisha, na mkuu wa wauguzi alimwambia wazi kwamba zisipofika Alhamisi saa nane, kazi atapewa mwingine. Kazi hiyo aliihangaikia miaka mitatu.

Alhamisi asubuhi nikamwambia injini imechoka, aiuze kama chuma chakavu. Akaketi kwenye kigoda changu, miwani puani, akaanza kujihoji kwa sauti: ikizima, yeye hufanya nini kabla haijawaka? Hufungua mfuniko wa tangi, aone kama mafuta yapo.

"Basi siyo kupumzika kunakoiponya," akasema. "Ni kule kufungua. Na nikifungua, tangi linavuta pumzi, fyuu."

Mfuniko wa tangi una kitundu cha hewa. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki. Hilo nalijua kama jina langu. Lakini dada yangu huvalisha kila kitu, cherehani, redio, hata chupa ya chai, na mfuniko ule aliushonea koti la turubai, mishono miwili, lastiki imekaza, mvua isiingie. Mimi, fundi mzima, nilikuwa naijaribu injini karakanani tangi likiwa wazi, kisha naurudisha mfuniko na koti lake, tena nikilisifia.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimeliziba pumzi."

Nikamwambia alitupe koti, saa zinakwenda. Hakutaka. Akatoa mkasi na sindano, akakata tundu la kifungo upande wa chini, kwenye kitundu cha hewa, akalizungushia uzi taratibu, kana kwamba ni shati la harusi. Nilitamani kumnyang'anya.

Alipoondoka na furushi la sare nilimfuata kwa pikipiki yangu, mfuko wa spana begani. Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Saa nane kasorobo tulikuwa mlangoni mwa hospitali, skuta haijazima hata mara moja.

Mkuu wa wauguzi akauliza nani hatimaye ameitengeneza skuta. Dada akanielekezea kidole, akasema mdogo wake ni fundi. Ningeweza kukaa kimya. Spana nilikuwa nazo.

"Ameitengeneza yeye," nikasema. "Mimi nimembebea spana tu."