Korongo na Jina la Mama

Leo asubuhi korongo wamepita juu ya mtaa wetu wa Ruashi, juu ya vumbi la mgodi, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nimeingia ndani nikafunga dirisha. Usinicheke, ndugu yangu. Kaa nikueleze.

Enzi hizo mji wetu ulikuwa ungali ukiitwa Élisabethville, Wabelgiji ndio wakubwa. Baba alichimba shaba, tukaishi kambini. Mama akaanza kukohoa, akalazwa hospitali. Baba akanipakia kwenye lori hadi Kilwa yetu ya ziwani, na kutoka hapo kwa mtumbwi, mpaka kisiwa kidogo cha ziwa Mweru alikokaa nkambo, bibi yangu mzaa mama. "Mama yako akipona, atakufuata," baba aliniambia. Basi nikangoja. Kila mtumbwi ulipokuja nilikimbilia majini hadi magotini. Ah, kungoja kwa mtoto ni njaa kabisa!

Pale kisiwani kulikuwa na siku yake, jua kali likielekea kwisha na mvua haijaanza, korongo wanapofika kutoka kaskazini. Siku hiyo hakuna aliyewasha moto, eti moshi utawafukuza. Tulikula bukari, ugali wa jana, baridi, na samaki wa kukausha, tukakaa juu ya mawe tukitazama juu mpaka shingo zikauma. Kundi la kwanza likitokea, kina mama husimama na kuita majina ya watu wao walio mbali: waliokwenda migodini, kwenye reli, jeshini. Ndege hao hupita kila mahali, walisema, watafikisha. Jirani yetu, mama mnene mwenye maneno mengi, ndiye aliyenifundisha sheria: "Unaita paka benye beko bazima. Mufu, hapana kumwita. Hatalala."

Walio hai tu waitwe, wafu waachwe walale: mimi sheria hiyo ilinihusu nini? Nilitaka jina la mama liitwe tu, alisikie huko kitandani, aje.

Walitokea alasiri. Wee! Weupe, wengi, wakizunguka kimya juu ya ziwa. Jirani alimwita mwanawe mpaka sauti ikakauka. Nkambo akasimama, akamwita mjomba wangu wa reli. Akamwita baba. Akamwita dada yake wa Mitwaba. Kisha akaketi.

"Nkambo, bado mama," nikasema. "Umesahau mama."

Alitazama maji.

"Nkambo, banaenda! Ita!" Nilimvuta kikwembe alichojifunga kiunoni, nikalia, nikapiga miguu chini. Ndege walikuwa wakienda kweli. Nikafungua kinywa nimwite mwenyewe, na nkambo akakiziba kwa kiganja chake. Jirani, yeye wa maneno mengi, akajifunika uso.

Hapo nikajua.

Habari ilikuwa imefika na wavuvi siku kadhaa nyuma. Nkambo aliibeba peke yake, akinipikia, akinisuka, akiniacha nikimbilie mitumbwi. Nilimchukia kwa hilo. Sasa nami nimezika watoto, na sijui ningemwambia nini msichana yule.

Siku hizi hakuna anayeita. Kisiwani walibaki wachache, wakahama nao, na korongo wenyewe wamepungua. Mimi jina la mama sijalitamka kwa sauti tangu siku ile. Na leo, walipopita, nilitafuta moyoni nani wangu aliye mbali nimwite. Baba, mjomba, jirani, nkambo mwenyewe. Hakuna hata mmoja anayeitwa.