Bujiku Asoma Gazeti Lake

Klara hakuwafundisha watu wazima Kiingereza kwa vitabu vya shule. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitenge la Mwasiti, pale Nyasubi, na somo lilikuwa gazeti la Kiingereza lililofika Kahama kwa basi. Mwanafunzi alisimama, akasoma habari, kisha wenzake wakamhoji kama waandishi. Alijibu kana kwamba yeye ndiye anayetajwa gazetini.

Bujiku alipokuja kujiandikisha, Klara alimtambua kabla hajaketi. Duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu upande wa Geita, ndilo lililomfukia Ndaki, mdogo wake Klara. Walionusurika walisema Bujiku aliagiza matimba, yale magogo yanayozuia udongo, yang'olewe yakajenge duara jingine. Yeye aliwaambia wafiwa kwamba vijana walijiingiza wenyewe kuiba mawe ya dhahabu. Ndaki akazikwa kwa jina la mwizi, na mama yao mpaka leo haendi sokoni.

Klara alitaka kitu kimoja tu: Bujiku aseme kwa kinywa chake nani aliyeng'oa matimba.

Hakumharakisha. Alimfundisha kwa subira kuliko wengine wote. Mpira, mvua, ajali za malori, kesi za mahakamani. Kila neno gumu alimrudishia mpaka likakaa. Mwasiti, naye mwanafunzi, akaanza utani.

"Mwalimu, huyu mzee unavyomnonesha, mna posa?"

"Kumnonesha namnonesha," Klara alijibu, akaendelea kufuta ubao.

Ofisini kwa Bujiku kulikuwa na ukurasa wa gazeti ndani ya fremu, juu ya kiti chake. Ulikuwa na picha yake kwenye mdomo wa duara, siku chache baada ya ajali. Wakati ule hakujua Kiingereza, picha ilimtosha. Klara aliuona alipoalikwa chai. Aliusoma wote akiwa amesimama, akasifu picha.

Alipoona Bujiku ameiva, aliagiza kila mwanafunzi alete habari inayomhusu. Bujiku akaja na fremu kwapani.

"Leo mtanitambua," aliwaambia wenzake.

Aya ya kwanza aliisoma kwa madaha. Ya pili ilikuwa maneno yake mwenyewe kuhusu wezi. Katika ya tatu alizungumza mchimbaji aliyenusurika. Sauti ya Bujiku ikashuka.

"Mwalimu, hapa sijaelewa."

"Umeelewa. Maneno yote nimekufundisha mimi. Soma."

Akasoma jinsi matimba yalivyotolewa kwa amri ya mwenye duara, na jina la Ndaki aliyefukiwa. Muhidini, muuza simu, akauliza kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya darasa: nani aliagiza matimba yatolewe?

"Haya ya gazeti ni uongo," Bujiku alisema.

"Uongo, bosi?" Muhidini akashangaa. "Na umeutundika juu ya kichwa chako miaka yote hii? Mimi mwenyewe ulinionyesha."

Mtu akacheka nyuma, akajizuia. Bujiku alimgeukia Klara, akasema kwa Kisukuma, polepole, "Mayu, mama, huyu Ndaki ni nani wako?"

"Tumbo moja. Jibu swali."

"Tuzungumze pembeni. Nitakwenda kwa mama, nitapeleka ng'ombe."

"Muhidini amekuuliza, Mzee Bujiku."

Bujiku akailaza fremu kifudifudi mezani. Kisha akajibu kwa Kiingereza safi, kile alichofundishwa: ni yeye.

Mwasiti akajishika mdomo.

"Wa nyuma hawajasikia," Klara alisema. "Rudia. Halafu useme kwa Kiswahili. Halafu twende kwa mama, ukamwambie kwa Kisukuma."

Akavuta kiti, akaketi kumsikiliza.