Kinanda Kilichonukia Udi

Harufu ya udi ikichanganyika na ya mpira uliopata moto, wengine wangekimbilia kutafuta kinachoungua. Mimi natabasamu. Nimekulia Kasulu, nyuma ya soko, katika nyumba iliyopakana na duka la Mama Saluma, na kwangu harufu hizo mbili ni za Jumamosi moja ya kiangazi ambapo ua mzima uligombea moto, ukagombana kwa raha kabisa. Nilikuwa na miaka kama kumi. Kesho yake kwaya yetu ya watoto ilikuwa inakwenda Kibondo kwenye tamasha, na mimi ndiye niliyepewa kuanzisha wimbo. Nilikuwa nimeuimba wimbo ule bafuni, shambani na njiani kwenda kisimani, hadi majirani wakaanza kuniomba nijifunze mwingine.

Tatizo lilikuwa kinanda. Kwaya ilikuwa nacho kimoja tu, cha betri, na nyaya mbili za kupeleka umeme ndani yake zilikuwa zimekatika. Baba mdogo Lazaro, fundi redio wa pale sokoni, alikuwa ameziunga na kuzifunga kwa utepe mweusi. Utepe ukapata joto, gundi ikalegea, ukashuka kama soksi iliyochoka. Nyaya zikagusana katikati ya mazoezi, moshi ukatoka, mwalimu wa kwaya akashika kichwa. Baba mdogo alisema safari hiyo tumepona, lakini zikigusana tena kinanda kinakufa na tutaimba Kibondo bila chochote. Wengine wangeweza. Mimi bila kinanda cha kunishika mkono sauti yangu ilipanda ikapotelea huko juu, na kila mtu alilijua hilo ingawa kwa huruma hawakulisema. Usiku ule sikulala vizuri, nakiri.

Jumamosi Baba mdogo alikuja na dawa: kimpira chembamba cheusi, chenye tundu kama mrija, alicholetewa kutoka Kigoma mjini. Unakivisha kwenye waya, unaulehemu, kisha unakisogeza juu ya kiungo na kukipasha joto, nacho kinasinyaa na kubana. Kilikuwa kifupi, akakikata vipande vitatu, viwili vya nyaya na kimoja cha kujaribia. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele "Mpira!" kabla hajalehemu, maana Baba mdogo alikuwa na tabia ya kuunga waya kwanza, akajisifu kidogo, ndipo akumbuke kwamba kimpira kiko mezani na hakuna tena pa kukipitishia. Nilipiga kelele hadi Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Basi viungo vikalehemiwa, vimpira vikakaa mahali pake, vikawa vinangoja moto tu. Hapo ndipo kila mtu akawa na moto wake. Bibi alitaka kinanda kipelekwe kwenye mafiga yake. "Moto ni moto, mwana wanje," aliniambia, akiniita mwanawe kwa Kiha, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nabisha. Baba mdogo akamjibu kwa heshima kwamba kinanda ni cha plastiki, na kikifika mafigani atakuja kukipakua kwa mwiko huohuo. Yeye alikiamini kiberiti chake cha gesi. Akavisha kile kipande cha kujaribia kwenye waya mbovu, akakiwashia moto. Upande mmoja ukasinyaa vizuri, tukaanza kushangilia. Upande wa pili ukatoa moshi, ukatoboka, ukabaki kidonda cheusi. Vilibaki vile viwili vilivyokuwa ndani ya kinanda, na hakukuwa na kingine cha kukosea.

Mama alikuwa barazani akinyoosha sare za kwaya kwa pasi ya mkaa, ile yenye jogoo wa chuma mbele, nami nilikuwa nimetumwa kukunja sketi. Pasi ilipopita karibu yangu, joto lililotoka kwenye matundu ya ubavuni likanigusa mkono, kavu, bila moshi.

"Mama, pasi yako inapumua," nikasema.

Baba mdogo akaja akapitisha kiganja mbele ya yale matundu, akakirudisha haraka huku anacheka. "Shemeji, hebu niazime hiyo."

"Ukinichafulia pasi, sare zitakwenda Kibondo zimekunjamana na wewe ndiye utakayewaeleza," Mama akasema, lakini tayari alikuwa ameinuka. Hakupiga hata hatua mbili, kaa likapasuka ndani ya pasi na cheche ikaruka ikatua kwenye suruali ya Baba mdogo. Mkaa wetu ulikuwa wa mkaratusi, na mkaratusi hauna adabu. Cheche kama ile ingetua kwenye kimpira, tungekuwa tumekwisha.

Mama Saluma alikuwa mlangoni pa duka lake akitutazama muda wote huo. Alikuwa mtu wa Tanga, aliyemfuata mume huku kwenye baridi yetu, na kila alasiri alifukiza duka kwa udi. "Ninyi na hayo makaa yenu yanayotema cheche!" akasema. "Chukueni yangu haya, yametulia kama watu waliolelewa." Akaja na chetezo chake. Mama akamwaga makaa yetu, akapokea yale, vipande vya udi vikiwa bado vinafuka juu yake, akaifunga pasi na kuishika kwa mikono miwili. Mimi nikapepea upande mmoja kwa kawa ya Bibi, joto likatokea upande wa pili, na Baba mdogo akakisogeza kinanda kidogo kidogo. Vimpira vikanywea, vikabana, vikang'aa. "Yoo, vimekonda!" Bibi akasema. "Bonyeza, Neema," Baba mdogo akaniambia. Sauti ikatoka, nikaingia nayo palepale, na Mama Saluma akaupigia wimbo wa kanisani vigelegele vya harusini. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Kule Kibondo mwalimu alikuwa akinusa kinanda kila anapogeuza ukurasa. Nilianzisha wimbo, nikakaa pale pale sauti ilipotakiwa kukaa.

Siku hizi mimi ni fundi, nina kibanda changu Buhigwe na mashine ya umeme inayopuliza hewa ya moto. Kazi ya alasiri nzima naimaliza kabla mteja hajakaa. Ni mashine nzuri, siisemi vibaya. Ila haigombani na mtu. Juzi kanisa la Kasulu likaniletea kinanda kile kile. Panya wamekula spika, vibonyezo vimelegea, nyaya nyingi zimeoza. Vimpira viwili vimebana kama siku ile. Nikanusa, kilinukia vumbi tu. Nikampigia Mama kumwambia kinanda kimenijia.

"Vimeshika?" akauliza.

"Vimeshika, Mama."

"Pasi yangu hiyo."

Nyuma yake nikamsikia Mama Saluma, amekuja kama kawaida yake. "Na ndani ya pasi mlikuwa na nini, Mama Neema? Mwambie mtoto aseme kweli!"

Bibi hayupo tena wa kuyatetea mafiga yake, na hapo nilimkumbuka. Nikaiweka simu mezani, sauti juu, wao wakaendelea kubishana. Nilikuwa na nyaya nyingi za kufunika, lakini mashine yangu ina kelele. Sikuiwasha mpaka walipomaliza.